Kulala na Lenzi Jichoni: Ahadi Iliyotolewa Mara Mbili

Oktoba 2001, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu lenzi ya macho iitwayo Focus Night & Day ivaliwe usiku na mchana, siku 30 mfululizo, bila kuvuliwa. Mwezi uliofuata ikaruhusu nyingine, PureVision. Kwa mtu ambaye bila miwani haoni sawasawa hata ukuta wa chumba chake, habari hiyo haikuwa ndogo: kuamka alfajiri, kutazama saa na kuisoma palepale, bila kupapasa mezani.

Ila ruhusa hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitolewa na mamlaka hiyohiyo mwaka 1981, kwa siku 30 hizohizo, na mwaka 1989 ikapunguzwa hadi siku saba baada ya watafiti kuhesabu vidonda vya macho vilivyokuwa vikitibiwa hospitalini. Katikati ya ruhusa hizo mbili lenzi zilibadilika sana. Mnunuzi wa leo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ana haki ya kuuliza kama hatari nayo ilibadilika. Haikubadilika kama wengi walivyotarajia, na sababu yake ndiyo inayopaswa kumwongoza mtu anayechagua lenzi za kulalia.

Habari yote inaanzia kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho ambacho unene wake katikati ni takriban nusu milimita. Konea haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo isingepitisha mwanga vizuri. Oksijeni yake inatoka hewani, ikiyeyuka ndani ya machozi. Mtu akifumba macho, njia hiyo inafungwa, na konea inabaki kutegemea kidogo kinachovuja kutoka mishipa iliyo upande wa ndani wa kope. Kutoka asilimia 21 ya oksijeni iliyo hewani, inashuka hadi karibu asilimia 8. Ndiyo maana hata asiyevaa lenzi yoyote huamka konea yake imevimba kwa asilimia tatu au nne, uvimbe mdogo asiousikia, unaokwisha baada ya kufumbua macho. Sasa weka kipande cha plastiki juu ya konea hiyo kabla ya kulala. Kama hakipitishi hewa, uvimbe unafika asilimia 10 na kupita, na ukirudiwa kila usiku mishipa ya damu inaanza kutambaa kutoka weupe wa jicho kuingia mahali pasipo pake.

Mwaka 1984 Brien Holden, mtaalamu wa optometria wa Sydney, pamoja na mwenzake George Mertz, waliuliza swali la kifundi: lenzi inapaswa kupitisha oksijeni kiasi gani ili konea ya mtu aliyelala isivimbe zaidi ya ile ya asiyevaa kitu? Walipata kipimo cha 87 kwa ajili ya usiku, na 24 kwa ajili ya mchana, kwa kizio ambacho hadi leo viwanda hukiandika Dk/t. Wakati huo hapakuwa na lenzi laini yoyote ya kawaida sokoni iliyoikaribia 87.

Lenzi laini zenyewe zilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Otto Wichterle, mkemia wa Prague, alizitengeneza nyumbani kwake wakati wa Krismasi ya 1961, baada ya mradi wake kusimamishwa kazini, kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya Merkur, kifaa cha watoto cha kujengea, na kuizungusha kwa dainamo ya baiskeli. Kampuni ya Bausch & Lomb ilinunua haki za uvumbuzi huo na kupata kibali cha Marekani mwaka 1971. Lenzi hizo zilikuwa za mchana. Aliyetaka watu walale nazo ni John de Carle wa London, aliyebuni lenzi ya Permalens, ambayo zaidi ya asilimia 70 yake ilikuwa maji. Mantiki yake ilieleweka: katika lenzi za aina hiyo oksijeni hupita ndani ya maji, basi ongeza maji. Waliozihitaji kwanza walikuwa wazee waliotolewa mtoto wa jicho bila kupandikizwa lenzi ndani, watu ambao mikono ilitetemeka na ambao bila msaada hawakuona lenzi waliyopaswa kuivaa. Kwao kibali kilitolewa mwaka 1979. Miaka miwili baadaye mlango ukafunguliwa kwa watu wenye macho mazima waliochoka miwani tu, na hapo mambo yakaharibika.

Mwaka 1989 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Moja ilihesabu vidonda vya konea vilivyosababishwa na vijidudu katika majimbo matano ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Miongoni mwa waliovaa lenzi laini za mchana, walioumia kwa mwaka walikuwa 4.1 katika kila watu 10,000. Miongoni mwa waliovaa lenzi za kulalia walikuwa 20.9. Nyingine ililinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, ikaona kwamba kulala na lenzi ndiko kulikozidisha hatari, hata kwa waliofanya hivyo na lenzi zisizotengenezwa kwa ajili hiyo. FDA ikarudisha siku 30 hadi saba.

Ukosefu wa oksijeni ukabebeshwa lawama zote. Konea iliyokosa hewa, ilisemwa, inadhoofika ngozi yake ya juu, na bakteria wanapata pa kuingilia. Basi dawa ilikuwa kutafuta kitu kinachopitisha hewa. Kitu hicho kilijulikana: silikoni. Shida yake ni kwamba silikoni tupu haishiki machozi, hukusanya mafuta, na ikikaa jichoni huweza kugandama. Wakemia walihitaji miaka mingi kuichanganya na lenzi ya Wichterle ili sehemu moja ipitishe oksijeni na nyingine ishike maji. Mchanganyiko huo ulifika madukani mwishoni mwa miaka ya 1990. Lenzi ya Focus Night & Day, ambayo kundi la Holden huko Sydney lilishiriki kuizaa, ilikuwa na Dk/t ya 175, mara mbili ya kile alichokitaka mwaka 1984. Tatizo la hewa lilikuwa limekwisha, na kwa kweli lilikwisha: macho mekundu ya asubuhi yalipungua na ile mishipa inayotambaa ikapungua.

Vidonda havikupungua.

Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliofuatilia zaidi ya watu 6,000 waliopewa lenzi za siku 30, ulikuta maambukizi 18 katika kila 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2008 Fiona Stapleton na wenzake walichapisha hesabu za Australia nzima, na hizo ndizo zinazostahili kubandikwa ukutani katika kila duka la miwani. Waliovaa lenzi za kutupa kila siku: 2.0 kwa 10,000. Waliovaa lenzi laini za zamani mchana tu: 1.9. Waliolala na lenzi za zamani: 19.5. Waliolala na lenzi mpya za silikoni: 25.4. Tofauti ya hizo namba mbili za mwisho si kubwa kiasi cha kusema silikoni ni mbaya zaidi, lakini inatosha kufuta dhana kwamba ni salama zaidi. Mwaka huohuo watafiti wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, walifika mahali palepale kwa njia yao.

Kumbe oksijeni ilikuwa sehemu moja tu ya ugonjwa. Mtu aliye macho hupepesa mara nyingi kwa dakika, na kila kupepesa husukuma machozi mapya chini ya lenzi na kutoa yaliyotumika pamoja na uchafu na vijidudu. Usiku hakuna kupepesa. Machozi yaliyo nyuma ya lenzi yanatuama, joto la jicho lililofumbwa linapanda, na bakteria walioshikilia uso wa lenzi wanapata saa saba au nane za kukaa sehemu moja wakigusana na konea. Anayeogopwa kuliko wote ni Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa kawaida wa mahali palipo na maji, anayeweza kutoboa konea ndani ya siku chache. Hewa, hata iwe nyingi kiasi gani, haimwondoi.

Haifai kuwatisha watu bila sababu. Ishirini na tano katika elfu kumi maana yake ni kwamba mwaka huu karibu wote watalala na lenzi zao na kuamka salama. Ndiyo sababu kila mvaaji ana rafiki anayeapa kwamba amelala nazo miaka mitano na hakuna kilichompata. Lakini lenzi huvaliwa muda mrefu. Kama hatari hiyo ingebaki ileile, anayelala nazo kwa miaka 20 ana nafasi ya takriban moja katika 20 ya kupata maambukizi ya konea; anayevaa za kutupa kila siku kwa muda huo ana nafasi ya moja katika 250. Si wote wanaopoteza uoni. Hata hivyo kovu dogo likikaa katikati ya konea, mbele ya mboni, linatosha.

Kwa nani, basi, hatari hiyo ina maana? Kwanza, wapo ambao kwao lenzi ya kulalia ni tiba. Mtoto mchanga aliyetolewa mtoto wa jicho anabaki na jicho lisilo na lenzi ya ndani, na ubongo wake hautajifunza kuona kama picha haifiki ikiwa safi. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 2004 kwa watoto wachanga 114 ulilinganisha waliopandikizwa lenzi ndani na waliovalishwa lenzi juu ya konea. Walipofika miaka minne na nusu uoni wao haukutofautiana, na waliopandikizwa ndio waliolazimika kurudi zaidi chumba cha upasuaji. Lenzi nyingi za watoto hao ni za silikoni tupu, zinazoachwa jichoni usiku kwa sababu mzazi hawezi kupambana na kope za mtoto kila asubuhi na jioni. Pili, kuna lenzi zinazowekwa na daktari kama bandeji: konea iliyochubuka au iliyofanyiwa upasuaji hufunikwa ili kope isiikwaruze inapopona. Mgonjwa wa namna hiyo hana chaguo, na daktari humpa matone ya dawa na kumwita tena kliniki.

Kundi la tatu ndilo lenye mjadala: nesi wa zamu ya usiku anayesinzia kwenye kiti, dereva wa masafa marefu anayelala garini, mwanajeshi, baharia. Hawa watalala na lenzi hata wakikatazwa, na ni afadhali wawe na lenzi iliyoruhusiwa kulaliwa kuliko ya mchana. Kwa wengine wote, wale wanaotaka tu kuepuka dakika mbili za kuvua na kuvaa, hoja ya kulala na lenzi ni dhaifu kuliko duka linavyotaka iwe. Miongoni mwao wapo wasiopaswa hata kuanza: mwenye macho makavu, mwenye mzio wa macho unaowasha na kuvimbisha kope, ambao ni wa kawaida sana kwa watoto na vijana wa Afrika Mashariki, mvutaji sigara, kwa kuwa utafiti wa Australia ulikuta sigara inaongeza hatari, na anayeanza lenzi kwa mara ya kwanza, kwa kuwa utafiti huohuo ulionyesha miezi sita ya mwanzo ina hatari yake. Ajifunze kwanza kuvaa mchana.

Kuchagua kunaanza kwa kusoma pakiti, na pakiti ina lugha yake. Chukua kifuko kimoja kidogo cha plastiki chenye lenzi ndani: juu yake kumeandikwa BC 8.6, DIA 13.8, PWR -3.00, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba ya kwanza ni mpindo wa mgongo wa lenzi kwa milimita, ya pili ni upana wake, ya tatu ni nguvu. Lenzi yenye mpindo usiolingana na jicho ama itabana na kuzuia machozi kupita, jambo ambalo usiku ni hatari zaidi, ama itacheza na kukwaruza. Mpindo na upana havimo katika cheti cha miwani. Hata nguvu si lazima iwe ileile: miwani inakaa milimita 12 hivi mbele ya jicho, na lenzi inaligusa, kwa hiyo mwenye miwani ya -6.00 huhitaji lenzi ya karibu -5.50. Anayenakili namba ya miwani na kuagiza mtandaoni anavaa kisichopimwa kwa ajili yake. Na kuagiza mtandaoni kulijitokeza katika hesabu za Australia kama jambo linaloongeza maambukizi.

Kisha kuna neno linalowapoteza wengi: lenzi ya mwezi. Kwenye boksi, mwezi ni muda wa kuitumia kabla ya kuitupa. Haimaanishi mwezi wa kulala nayo. Lenzi nyingi za mwezi zinapaswa kuvuliwa kila jioni. Zilizo na ruhusa ya usiku ni chache, na hata hizo hazilingani. Air Optix Night & Day, jina jipya la ile ya 2001, na PureVision zina ruhusa ya hadi usiku 30. Acuvue Oasys, yenye Dk/t ya 147, inaruhusiwa usiku sita tu na kutupwa baada ya wiki ikilaliwa, ingawa ikivaliwa mchana tu hutumika wiki mbili. Biofinity ina Dk/t ya 160, karibu mara mbili ya kile Holden alichokitaka, na bado Marekani inairuhusu kwa usiku sita. Ruhusa ya usiku 30 nayo ni kikomo cha juu kabisa. Daktari makini humpa mteja wake usiku mmoja kwanza, akamwona asubuhi yake, kisha wiki, akamwona tena. Mteja akiondoka dukani na boksi la miezi sita bila tarehe ya kurudi, ameuziwa bidhaa, hajapewa huduma.

Na hapa lazima zitajwe lenzi za rangi, ambazo kwa hakika ndizo lenzi zinazoonekana zaidi katika miji yetu. Kijivu, asali, kijani. Bibi harusi anavalishwa saluni asubuhi ya siku yake, anacheza mpaka usiku wa manane, anasafiri, na kwa uchovu analala nazo. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa hidrojeli, plastiki ya lenzi laini za zamani, na tabaka la rangi juu yake, kwa hiyo upitishaji wake wa oksijeni ni wa kizazi cha kabla ya silikoni. Zinauzwa bila kipimo, na wakati mwingine jozi moja hupita kwa zaidi ya bibi harusi mmoja ikiwa imeoshwa tu kwa maji. Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inahesabu lenzi zote kuwa vifaa tiba, hata zile za urembo zisizo na nguvu yoyote, na kuzuia kuuzwa bila cheti. Hiyo ni sheria yenye akili. Jicho halijui kama kilichowekwa juu yake ni cha kuonea au cha kupendezea.

Mtu akishapata lenzi inayomfaa, kazi iliyobaki ni ya mikono. Anayelala na lenzi kwa kibali bado anazivua mara kwa mara, na kila zinapotoka zinapaswa kusafishwa au kutupwa. Mikono ioshwe kwa sabuni, kisha ikaushwe kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mkono wenye maji ni mkono wenye vijidudu vya maji. Aliyetoka kukata pilipili au kupaka mafuta asubiri, kwa sababu silikoni hunyonya mafuta na kuyashika. Lenzi iwekwe kwenye ncha ya kidole dhidi ya mwanga: ikiwa kingo zake zimesimama kama bakuli iko sawa, zikiwa zimechanua kwa nje imegeuka. Baada ya kuivua, iweke kiganjani, idondoshee maji yake maalumu, isugue taratibu kwa kidole upande huu na upande ule, kisha isuuze kwa maji hayohayo. Chupa nyingine ziliwahi kuandikwa kwamba hakuna haja ya kusugua. Usiziamini. Kusugua ndiko kunakobandua bakteria.

Dunia ilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2005 na 2006 fangasi aina ya Fusarium walizuka katika macho ya wavaaji wa lenzi huko Singapore, Hong Kong na Marekani, na njia ikaelekea kwenye dawa moja ya kusafishia, ReNu with MoistureLoc, ambayo Bausch & Lomb iliiondoa kabisa sokoni duniani kote Mei 2006. Mwaka mmoja baadaye dawa nyingine, Complete MoisturePlus, iliondolewa kwa sababu ya amiba aitwaye Acanthamoeba. Dawa zilikuwa na kasoro, na tabia za watu zikazisaidia kuharibu: chupa kuachwa wazi, na dawa mpya kuongezwa juu ya ile ya jana ndani ya kijaluba cha kuhifadhia lenzi. Dawa iliyokwisha kufanya kazi usiku mzima haina nguvu tena. Imwage yote, suuza kijaluba kwa dawa mpya, kifute, kiache wazi kikauke kikiwa kimeinamishwa, na baada ya miezi mitatu kitupe. Ndani ya kijaluba kinachotumika mwaka mzima huota utelezi kama ule wa ndani ya pipa la maji, na bakteria waliojificha humo hawaguswi na dawa. Wenye mzio wa dawa za kawaida hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, safi kuliko zote, mradi tu ikae ndani ya kijaluba chake maalumu kwa saa sita hadi igeuke maji ya kawaida. Anayeitia jichoni kabla ya hapo hatarudia.

Maji ya bomba hayana nafasi popote katika kazi hii, na ya chupa ya kunywa pia hayana. Yule amiba, Acanthamoeba, anaishi ndani ya maji na udongo, na akijiona hatarini hujifunika ganda ambalo klorini ya kawaida haimwui. Uingereza imekuwa na wagonjwa wengi wa Acanthamoeba, na watafiti huko waliwahi kuuhusisha ugonjwa na matangi ya maji yanayokaa juu ya dari za nyumba za zamani, ambamo maji hutuama kabla ya kufika bombani. Msomaji anayeoga maji ya simtank hahitaji kuelezwa zaidi. Kuoga, kuogelea baharini au kwenye bwawa, na kunyeshewa mvua ukiwa na lenzi ni mambo ya kuepuka, na ndiyo ugumu wa lenzi za kulalia: anayevaa siku saba mfululizo ataoga nazo. Udhu hauna tatizo, kwa kuwa kuosha uso hakudai maji yaingie ndani ya jicho. Aliyevaa lenzi afumbe macho, kisha afute kope kabla ya kuyafumbua. Wanja upakwe nje ya kope, usipite ndani, na lenzi zivaliwe kabla ya vipodozi na kuvuliwa kabla ya kuvifuta. Moshi wa udi nao hunata kwenye lenzi.

Yote haya yana uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya kinachotokea baada ya jicho kuumia. Huko Australia, ambako hesabu zile zilifanywa, mgonjwa anaweza kuwa mbele ya daktari bingwa siku hiyohiyo, na konea yake kukwanguliwa ili maabara itaje kijidudu. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, waliochapisha mwaka 2011 kuhusu vidonda vya konea vya wagonjwa wao, walikuta wengi walifika wakiwa wamechelewa na wengi wakabaki na uoni mbaya, huku fangasi wakiwa wengi kuliko walivyo katika nchi za baridi. Wagonjwa wale hawakuwa watu wa lenzi, lakini anayevaa lenzi Tabora au Lamu atapita njia ileile waliyopita wao. Shirika la Afya Duniani liliingiza natamaisini, dawa kuu ya fangasi wa konea, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, ila kuwa kwenye orodha si sawa na kuwa kwenye rafu ya duka la dawa wilayani. Kilichopo kwenye rafu hiyo mara nyingi ni matone yenye deksamethasoni, yanayouzwa kwa kila jicho jekundu. Dawa hiyo hupunguza wekundu na maumivu, mgonjwa akafurahi, wakati fangasi chini yake wanapata uhuru wa kula konea.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kuchagua lenzi za kulalia hakimo kwenye boksi. Ni umbali kutoka kitandani mpaka kwa daktari wa macho anayeweza kukwangua konea na kutoa dawa sahihi. Anayeishi mwendo wa saa moja kutoka hospitali kama Muhimbili, CCBRT au KCMC, mwenye sababu ya kazi, mwenye kupimwa na kufuatiliwa, anaweza kulala na lenzi ya silikoni usiku sita na kuivua wa saba, akijua anachokubali. Aliye mbali zaidi ya hapo avae za kutupa kila siku kama anazimudu, au za mwezi anazozivua kila jioni, na miwani iwepo mkobani mwake siku zote. Asiye na miwani ya akiba ndiye anayelazimika kuvaa lenzi juu ya jicho linalouma.

Kila asubuhi, anayelala na lenzi ajitazame kwenye kioo na kuziba jicho moja baada ya jingine. Jicho ni jeupe? Linaona kama jana? Linaumia au kuogopa mwanga? Likishindwa swali moja tu, vua lenzi papo hapo, usiirudishe hata jicho likitulia, usinunue matone kwa kubahatisha. Wala usiitupe lenzi hiyo: iweke ndani ya kijaluba chake, ubebe na chupa ya dawa uliyokuwa ukitumia, uvipeleke hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu maabara inaweza kuotesha kijidudu kutoka humo hata pale konea yenyewe inapokataa kutoa jibu.